Grainda Kuukuu ya Mezani Yaweza Kuwa Mashine ya Msasa

Katika karakana nyingi za useremala kuna grainda ya mezani iliyosukumwa pembeni. Mawe yake ya kunolea yameisha au yamepasuka na kinga zake zimeshika kutu, lakini mota bado inazunguka vizuri ikiwashwa. Hatua chache kutoka hapo, fundi anapiga msasa miguu ya stuli kwa mkono, mmoja baada ya mwingine. Jioni vidole vimechubuka na miguu minne bado hailingani.

Grainda hiyo inaweza kufundishwa kazi mpya. Kwa vipande viwili vya plaiwudi, gundi, msasa na meza ndogo, inageuka kuwa mashine ya msasa ya diski, inayonyoosha ncha za mbao na kuviringisha pembe kwa muda mfupi. Somo hili linaeleza namna ya kuigeuza. Linaeleza pia kwa nini ugeuzaji mwingine unaoonekana katika baadhi ya karakana, wa kufunga msumeno wa mbao kwenye grainda ya mkononi, haufai kufanywa na fundi yeyote, hata mwenye ujuzi wa miaka mingi.

Mashine zote mbili ni grainda, na zote mbili zinapewa kazi ambayo hazikuundiwa. Kinachozitenganisha ni mambo matatu: kasi, upande wa mzunguko na kinga.

MASHARTI MATATU YA KUGEUZA MASHINE

Sharti la kwanza ni kasi. Kila mashine ya umeme ina kibati chenye maelezo, na humo huandikwa idadi ya mizunguko kwa dakika. Kwa stima ya hezi 50 inayotumika Kenya, grainda nyingi za mezani huzunguka takriban mara 2,850 kwa dakika. Hata hivyo, namba hiyo peke yake haitoshi. Mbao hukutana na ukingo wa diski, na diski kubwa hukimbia zaidi ukingoni kuliko diski ndogo hata kama mota ni moja.

Hesabu yake ni rahisi. Fundi azidishe kipenyo cha diski kwa mita na 3.14, azidishe tena na mizunguko kwa dakika, kisha agawanye kwa 60. Diski ya milimita 150 kwenye mota ya mizunguko 2,850 hukimbia mita 22 hivi kwa sekunde ukingoni. Hiyo ndiyo kasi ya diski ya milimita 300 kwenye mota ya mizunguko 1,425, na ni kasi inayofaa kwa msasa. Fundi akiweka diski ya milimita 250 kwenye grainda hiyo hiyo, ukingo utafika mita 37 kwa sekunde. Mbao itaungua na kuwa nyeusi, msasa utaziba upesi, na diski yenyewe itavutwa kwa nguvu kubwa zaidi ya kuipasua. Kwa grainda ya inchi sita, diski isizidi milimita 150.

Sharti la pili ni upande wa mzunguko. Mashine ikiwa inashusha mbao kuelekea mezani, meza ndiyo inayobeba nguvu. Ikiwa inainua mbao, mikono ya fundi ndiyo inayobeba, nayo haiwezi kushindana na mota.

Sharti la tatu ni kinga. Kazi mpya lazima ipate kinga yake mpya. Ikiwa mashine haiwezi kufanya kazi hiyo mpaka kinga iondolewe na isirudishwe, basi kazi hiyo si yake.

KUKAGUA MASHINE KWANZA

Plagi ichomolewe ukutani kabla ya jambo lolote. Kuzima swichi pekee hakutoshi.

Fundi aondoe mawe yote mawili. Hapa wengi huharibu nati kwa kutojua kwamba nati za grainda hazifunguki upande mmoja. Kwa mtu aliyesimama mbele ya mashine, nati ya upande wa kulia hufunguka kama nati za kawaida. Ile ya kushoto ina hesi za kinyume, hivyo hufunguka kwa kuzungushwa kuelekea upande ambao kwa kawaida hukaza. Zimetengenezwa hivyo ili mashine ikizunguka nati zikaze, zisilegee.

Mawe yakishatoka, shafti izungushwe kwa mkono. Inapaswa kuzunguka kwa ulaini bila kukwaruza. Fundi aishike ncha yake na kujaribu kuitikisa juu na chini. Ikicheza, beringi zimeisha na zibadilishwe kabla ya kuendelea. Shafti iliyopinda haina dawa katika kazi hii. Mashine hiyo ibaki vipuri.

Waya wa stima ukaguliwe kutoka plagi hadi mashine. Waya uliofungwa kwa utepe kufunika jeraha ubadilishwe wote. Waya wa athi uwe umeshikana na mwili wa chuma, kwa sababu ndio unaomwokoa fundi pale umeme unapovuja. Grainda nyingi zina kapasita, ambayo huweza kuhifadhi umeme hata baada ya plagi kutolewa. Kazi ya ndani ya mota iachiwe fundi wa umeme mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, EPRA.

Swichi nayo iangaliwe kwa makini. Swichi ya kawaida ikiachwa imewashwa wakati stima imepotea, mashine huanza kuzunguka yenyewe stima inaporudi, pengine mkono wa mtu ukiwa juu ya diski. Swichi bora ni ile inayojizima stima ikikatika na kubaki imezimika mpaka ibonyezwe tena. Ikiwa haijapatikana, iwe desturi ya karakana kwamba stima ikipotea, kitu cha kwanza ni kuchomoa plagi.

KUTENGENEZA DISKI

Njia ya mkato inayotumiwa na baadhi ya watu ni kugundisha msasa ubavuni mwa jiwe la zamani. Njia hiyo iachwe. Jiwe la kawaida la grainda limeundwa kusukumwa ukingoni, si ubavuni, na jiwe lenye ufa linaweza kuvunjika likiwa kwenye kasi.

Diski itengenezwe kwa plaiwudi nzuri ya milimita 18, isiyo na mashimo ndani wala tabaka zilizoachana. Ubao wa kawaida haufai kwa sababu hupasuka kufuata nyuzi zake. Hatua ni hizi:

1. Fundi achore miduara miwili yenye kipenyo cha milimita 150 na aikate akiacha ziada ndogo nje ya mstari.

2. Duara la kwanza, litakalokaa ndani, litobolewe tundu katikati. Tundu lilingane kabisa na shafti. Lipimwe kwa kalipa, lisikisiwe. Tundu lililolegea huleta mtikisiko.

3. Duara la pili, litakalokaa nje, litobolewe tundu kubwa zaidi katikati, la kutosha kuingiza sahani ya chuma ya kubana, nati na spana ya boksi.

4. Maduara hayo yagundishwe pamoja kwa gundi ya mbao, yabanwe kwa klampu na kuachwa usiku kucha. Sasa nati itakaa ndani ya kishimo, na uso wa diski utabaki tambarare. Ncha ya shafti isitokeze nje ya uso huo.

5. Diski ifungwe upande wa kulia wa mashine, katikati ya sahani mbili za chuma zilizokuwa zinabana jiwe. Sahani hizo zisiachwe, kwa maana ndizo zinazosambaza nguvu ya nati. Nati ikazwe vizuri bila kuponda mbao.

6. Plagi ikiwa bado imechomolewa, diski izungushwe kwa mkono karibu na ncha ya penseli iliyoshikiliwa mahali pamoja. Penseli itaonyesha sehemu zilizotokeza. Zipunguzwe kwa tupa mpaka ukingo uwe mviringo kamili.

7. Diski iachwe isimame yenyewe mara kadhaa. Ikiwa sehemu ile ile hurudi chini kila mara, hiyo ndiyo nzito. Itobolewe kishimo kifupi upande wa nyuma kupunguza uzito, kisha ijaribiwe tena. Diski iliyosawazika husimama popote.

8. Msasa wa namba 80 au 120 ukatwe duara lenye ukubwa wa diski, na tundu katikati. Ugundishwe kwa gundi ya mpira, ile inayopakwa pande zote mbili na kuachwa ikauke kidogo kabla ya kubandika. Pasibaki kiputo wala ukingo ulioinuka.

Ncha ya shafti ya upande wa kushoto isiachwe wazi. Ifunikwe kwa kinga yake ya zamani ya chuma au kijisanduku cha mbao kilichofungwa kwa skrubu. Shafti tupu inayozunguka inaweza kushika nguo au nywele.

MEZA NA KINGA

Grainda na meza yake zifungwe kwa bolti juu ya ubao mmoja mzito, nao ubao ufungwe kwenye benchi la kazi. Uso wa meza uwe usawa wa kitovu cha shafti au chini yake kidogo. Nafasi kati ya meza na diski isizidi milimita 2. Nafasi pana humeza vipande vidogo vya mbao, na vidole hufuata. Skwea iwekwe juu ya meza na kugusishwa uso wa diski ili kuhakikisha pembe ni nyuzi 90, la sivyo kila mguu wa stuli utatoka na kilema kile kile.

Kinga mpya ni kijisanduku cha plaiwudi kinachofunika ukingo wa diski juu, nyuma na chini ya meza. Uso wa mbele tu, juu ya meza, ndio unaobaki wazi. Chini ya kijisanduku litobolewe tundu la bomba la kufyonzea vumbi. Hata kama karakana haina mashine ya kufyonza, tundu hilo lenye gunia lililofungwa vizuri huokota sehemu ya vumbi.

KUIWASHA NA KUITUMIA

Mara ya kwanza fundi asimame kando, si mbele ya ukingo wa diski, kisha awashe mashine na kuiacha ikizunguka tupu kwa dakika chache. Mtikisiko, harufu ya kuungua au mlio mpya ni sababu ya kuzima na kurudi kwenye ukaguzi.

Wakati wa kazi, mbao hulazwa mezani kwenye nusu ya diski inayoshuka. Kwa diski iliyofungwa upande wa kulia wa grainda, nusu hiyo ni ile iliyo upande wa mbele wa mashine. Fundi ahakikishe kwa kutazama diski inapoanza au inapokaribia kusimama. Nusu ya pili hupanda, na ikiguswa hurusha mbao. Njia salama ni kuifunika kabisa.

Mbao isukumwe taratibu na kusogezwa huku na huku ndani ya nusu hiyo. Ikikaa mahali pamoja huungua, na msasa huisha sehemu moja. Kama mota inapunguza mwendo, fundi anasukuma kupita kiasi. Kipande kifupi kisichoweza kushikwa vidole vikiwa mbali na diski kishikwe kwa klampu ndogo au kibao cha kusukumia.

Glavu zisivaliwe karibu na diski, kwa kuwa zikinaswa huvuta mkono wote. Mikono ya shati ikunjwe, leso na mikufu ivuliwe, nywele ndefu zifungwe. Miwani ya kujikinga ivaliwe kila mara.

Mashine hii ina kazi zake. Inafaa kunyoosha ncha za mbao zilizokatwa kwa msumeno, kusawazisha miguu ya viti, kuviringisha pembe za mbao za kukatia mboga, kulainisha vipini vya majembe na kutengeneza vifaa vya kuchezea vya watoto. Haifai kulainisha uso mpana wa meza au mlango, kwani huacha alama za mviringo. Kazi hiyo ibaki kwa randa na msasa wa mkono. Mbao kuukuu zenye rangi zisipelekwe kwenye diski hata kidogo, kwa sababu baadhi ya rangi za zamani zina madini ya risasi, ambayo ni sumu ikivutwa na pumzi, hasa kwa watoto.

VUMBI NA CHECHE HAVIKAI NYUMBA MOJA

Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: kwa nini jiwe la upande wa pili lisiachwe, ili mashine ipige msasa upande mmoja na kunoa patasi upande mwingine? Jibu ni moto. Kunoa chuma hutoa cheche, na vumbi laini la mbao hushika moto kwa urahisi. Cheche moja iliyoangukia vumbi ndani ya kijisanduku inaweza kufukuta kimya kwa muda mrefu na kuwaka karakana ikiwa imefungwa. Mashine iliyogeuzwa kuwa ya msasa wa mbao isirudishwe kwenye chuma, na kunoa kufanyike mbali nayo. Kila jioni vumbi lifagiliwe na kutolewa nje.

Vumbi hilo ni hatari kwa mwili pia. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua na mianya iliyo kando yake. Vumbi la mvule linajulikana pia kwa kuwasha ngozi, macho na pua. Diski hutoa vumbi jingi na laini kuliko msasa wa mkono, hivyo barakoa ya kuzuia vumbi, inayoshika vizuri puani na kidevuni, ni sehemu ya mashine hii. Ikiwezekana, mashine ikae karibu na mlango au chini ya kibanda kilicho wazi.

GRAINDA YA MKONONI NA MSUMENO WA MBAO

Masharti yale matatu sasa yapimwe kwenye ugeuzaji ule mwingine. Grainda ndogo ya mkononi, ya diski ya milimita 115, huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Mashine ya msumeno wa mviringo inayotumia bledi ya milimita 180 hivi huzunguka mara 5,000 hadi 6,000.

Kasi: bledi ya milimita 180 ikifungwa kwenye grainda hiyo, meno yake yatakimbia zaidi ya mita 100 kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya kilomita 370 kwa saa. Jino likichomoka kwa kasi hiyo, hakuna miwani ya kutegemewa kulizuia.

Upande wa mzunguko: hapa hakuna meza ya kubeba nguvu. Bledi ikibanwa na mbao au kugonga fundo au msumari, grainda yote huruka kumrudia anayeishika, nayo bledi hubaki inazunguka kwa sekunde kadhaa hata swichi ikizimwa.

Kinga: bledi hiyo haiingii mpaka kinga ing'olewe. Hata bledi ndogo inayoingia huiacha mashine bila kifuniko kinachojifunga chenyewe na bila sahani ya chini ya kuilaza juu ya mbao, vitu ambavyo msumeno halisi wa mkononi unavyo.

Masharti yote matatu yameshindikana. Kukata na kupiga msasa si kitu kimoja: msasa hukwangua kidogo kidogo, lakini meno huuma. Grainda ya mkononi ikihitajika kwa mbao, itumike kwa diski za msasa zilizotengenezwa kwa ajili yake, kinga ikiwa mahali pake, na namba ya mizunguko iliyoandikwa kwenye diski isiwe chini ya ile ya mashine.

SHERIA NA MAFUNZO

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kuweka kinga kwenye sehemu hatari za mashine, na inamtaka pia anayejiajiri kulinda usalama wake na wa watu wengine walio mahali pake pa kazi. Karakana ya jua kali ni mahali pa kazi. Mwanafunzi wa ufundi anayeumia kwa mashine iliyong'olewa kinga ni jukumu la mwenye karakana.

Vijana na mafundi wanaotaka kujifunza matumizi ya mashine za mbao wanaweza kuuliza katika chuo cha mafunzo ya ufundi kilicho karibu nao. Vyuo hivyo viko chini ya serikali za kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, lililozipa kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijiji. Fundi aliyejifunzia kazini bila cheti anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA.

Ajali ikitokea, plagi ichomolewe na jeraha libanwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Kidole kilichokatika kifungwe kwa kitambaa safi kilicholowanishwa kidogo, kiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Mgonjwa na mfuko huo wafike hospitalini pamoja bila kuchelewa. Namba za dharura ni 999 na 112.